Binti Aliyekatazwa Chumvi

Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipoona damu kwenye chupi yake. Tisa! Mi mwenyewe nilivunja ungo nikiwa na kumi na tano. Niliduwaa na beseni mkononi, nisijue nilie au nicheke.

Nikamwita shangazi yake, maana kwetu mama hamfundishi binti yake mambo hayo. Akaja na pikipiki kutoka Dilala, akajifungia naye chumbani. Akamwambia sasa ni mwanamke: asicheze tena na wavulana, na akiwa na damu asitie chumvi kwenye chakula cha baba yake, atamletea kikohozi. Mutoto akatoka. Wenzake walipomwita kuruka kamba, alibaki mlangoni. Roho iliniuma, lakini ningesema nini? Mila ni mila.

Lakini damu haikukata. Wiki zikapita, na kila akienda haja ndogo alilalamika inamchoma. Shangazi akasema mwili bado mchanga, utazoea. Mi nikawaza mabaya zaidi, nikawatazama wanaume wote wa mtaa kwa jicho baya.

Ndipo kaka wa binti yangu akakojoa nyuma ya nyumba, nikaona mkojo mwekundu. Nikamgeukia shangazi.

"Na huyu naye amevunja ungo?"

Yeye ndiye aliyekimbia kutafuta pikipiki ya kutupeleka.

Kwenye kituo cha afya, muganga alipima mikojo yao, akauliza wanaoga wapi. Wapi tena, kama si mtoni, pale ninapoosha mawe ya madini nao wakicheza majini? Akasema ni bilharzia, yaani kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, vikikua vinakuwa minyoo, na mayai yao hujeruhi kibofu. Akawapima kilo, wakala kwanza, wakameza vidonge vyao palepale. Warudi kupimwa, na wasiingie tena majini. Mi niliitikia tu. Konokono na damu, wapi na wapi? Na maji mengine nitayatoa wapi, jamani?

Binti yangu ndiye aliyeelewa. Njiani alinivuta kitenge.

"Mama, sasa mi niko mutoto tena?"

"Uko mutoto."

Jioni alinitangulia jikoni, akatia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mkono wake mwenyewe. Ilizidi mno, hailiki. Baba yake aliimaliza yote.