Zebaki Jikoni kwa Dada Yangu

Watu huongea juu ya dhahabu ya Migori kama ni harusi. Mimi nikisikia nataka kutema mate. Nimeona venye inatengenezwa.

Miaka ya tisini dada yangu alikuwa anaosha mchanga ya machimbo, anachanganya na zebaki mpaka dhahabu inashikana donge. Donge ikichomwa, zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Broka wa mjini, yule wa kununua dhahabu, alikuwa anakuja na viatu vinang'aa, na hakuwahi kuchoma hata siku moja. "Choma tu, mama watoto," anamwambia dada, halafu anaenda kusimama mbali, karibu na ng'ombe. Na mlango ya jikoni ifungwe, majirani wasijue kuna dhahabu! Dada akimaliza anaambiwa akunywe maziwa, eti inaosha kifua. Kifua imekuwa sufuria?

Kikohozi ikaanza. Halafu uso ikawa inafura kila asubuhi, na miguu pia. Mama mkwe wake akasema ni chira, ile laana ya kuvunja mila, juu dada alipanda mahindi kabla yeye mkubwa apande. Akamchemshia manyasi, ile dawa ya miti shamba, ya kumsafisha. Nikamuuliza, "Mama, na huyu mtoto wake mchanga analala jikoni akikohoa, yeye alipanda nini?"

Akanigeuzia mgongo.

Nikampeleka dada hospitali Homa Bay, akikataa njia yote. Daktari akapima mkojo, akamuuliza kazi anafanya. Akamwambia, "Hiyo moshi inaumiza mapafu, halafu inaingia kwa damu. Figo zikijaribu kuichuja zinaharibika, ndio maana unafura. Ukiendelea kuchoma, mtoto wako utamwachia nani?"

Tuliporudi tukapata broka amekalia kiti ya wageni, ameshika donge ametoa kwa wanawake wengine.

"Shemeji, mmenichelewesha. Dada achome haraka niende."

"Choma wewe," nikamwambia. "Jiko ndiyo hiyo. Mlango nitakufungia mimi."

"Aa, mimi niko na kifua mbaya. Hiyo moshi siwezani nayo."

Mama mkwe alikuwa hapo mlangoni na mtoto mgongoni. "Kumbe ulikuwa unajua?" akamuuliza. Jamaa akaanza kucheka-cheka. Mama akavuta kiti alikuwa amekalia, nusura jamaa aanguke. "Toka kwangu!"

Dada hakuchoma tena. Kufura ilipungua pole pole, kikohozi ikakataa kutoka mpaka leo. Huyo mwanaume naye alipata mwanamke mwingine huko mbele wa kumchomea. Yeye anasimama nje, kama kawaida yake.