Nani Alimpora Kaka?

Wifi yangu alirudi kutoka kliniki Garsen na pakiti ya vidonge mkononi, kaka yangu nyuma yake. Akatuambia, "Daktari amesema ana baipola."

Hapa kwetu Idsowe, r na l ni watoto wa tumbo moja. Mama akashika kiuno. "Kaporwa? Kaporwa na nani?"

Mungu anisamehe, nilimtazama wifi. Nilikuwa nishamshuku zamani. Mbona kaka alianza haya baada ya kumuoa? Wiki mbili anaimba, analima mpaka shamba la jirani, anawagawia wapita njia mikungu ya ndizi. Kisha anageukia ukuta, hata uji hataki. Akili haiporwi bila mporaji. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilisema kwa sauti, wifi akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

Na vile vidonge! Kila asubuhi alimpa, akamchungulia mdomoni kuona kama amemeza. Mke gani humkagua mumewe kama ng'ombe wa mnadani? Siku moja alipokwenda kuvuna, nilichukua pakiti nikaitupa mtoni. Aliporudi akaitafuta, Mama akamwambia uchawi wake umemponyoka. Wifi alifunga nguo zake, akarudi kwao Kulesa. Nilifurahi, nisidanganye.

Haukupita mwezi, kaka akaimba siku nne mfululizo, kisha akaugeukia ukuta. Safari hii hata maji alikataa. Nikaogopa, nikaenda kliniki mwenyewe kuuliza ni nani aliyempora.

Muuguzi, mama wa makamo, alicheka kidogo. "Hakuna aliyeporwa, dada. Bai ni mbili, pola ni ncha. Raha iliyopita kiasi ncha hii, huzuni iliyopita kiasi ncha ile. Jina la zamani lilikuwa na neno la Kigiriki la wazimu ndani yake. Watu wakaitwa wendawazimu, wakafichwa majumbani. Ndipo likabadilishwa."

"Mbona mbadilishe jina? Mnaficha nini?"

"Tunamsitiri mgonjwa asitukanwe." Akafungua daftari. "Na dawa zake si zipo? Mkewe amezichukua juzi."

Loo! Damu ilinichemka. Dawa za mume aliyemwacha anazifanyia nini? Nilikwenda moja kwa moja Kulesa, nimekaza kanga kiunoni tayari kwa ugomvi.

Wifi alinipa kigoda na maji. Sikuyanywa, nani ajuaye ametia nini. Nikamuuliza ziko wapi dawa za kaka.

"Anakula?" akauliza.

"Hali."

Akaingia ndani, akatoka na fundo la leso. Ndani mlikuwa na pakiti mbili, hazijafunguliwa.

"Najua zile za kwanza ulizitupa," akasema. "Jirani alikuona. Hizi nimezichukua kila kliniki iliponiita, nikangoja mmoja wenu aje aulize. Ningezileta mimi, mngezitupa tena."

Nilishika kikombe, nikanywa yale maji yote. Kisha nikamwomba turudi pamoja nyumbani, kwa sababu mimi kumchungulia kaka mdomoni sijui.