Paa Lililoonekana Kutoka Mnarani

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mnara lilikuwa kumwambia mama kwamba kutoka kule juu nyumba yetu ya zamani inaonekana. Hakuwa ameniuliza. Nilikuwa nimefika kileleni kwa mara ya kwanza, nimeshuka, na nilitaka mtu nyumbani ajue kwamba sikufumba macho.

"Mama, nimeliona paa letu."

Alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini. "Lote?"

"Lote."

Akaanza kuchambua upya maharage ambayo alikwisha kuyachambua. Mimi nilidhani nimempa zawadi.

Tulikuwa tumehamishwa msimu uliotangulia, wakati watu wa milima yetu ya Ileje walipotakiwa kukusanyika katika vijiji. Mgambo walipanda upande wetu wa bonde asubuhi, na hadi jioni tulikuwa upande wa pili, kwenye mgongo wa mlima, tumekaa juu ya mizigo yetu katika kiwanja kilichopimwa kwa kamba. Nyumba nyingi za kule ziliezuliwa ili watu wasirudi. Yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, jua likawa limekwenda, wakaiacha. Kule tuliacha kaburi la babu na kaburi la baba. Mama alifunga mlango kwa kamba kama mtu anayekwenda gulioni.

Kijiji kipya hakikuwa na maji. Chemchemi ilikuwa chini, ndani ya msitu, na wanawake walipanda na ndoo kichwani mpaka shingo zikawauma. Ndipo ikaja Landrova na wataalamu waliosema kwamba huenda upepo ungeweza kuendesha pampu. Lakini kwanza upepo upimwe. Msitu ule ulilinda chemchemi na haukuruhusiwa kukatwa, kwa hiyo ilibidi mnara uipite miti kwa urefu. Vyuma vikaletwa na lori kupitia Tunduma, vikabebwa kwa mabega hadi msituni, vikaunganishwa kipande juu ya kipande, vikashikiliwa kwa waya pande zote. Juu kabisa kulikuwa na vikombe vitatu vilivyozunguka, na chini yake kisanduku chenye kioo na namba.

Walitafuta mtu wa kupanda kila asubuhi kusoma zile namba. Vijana wenye nguvu walikuwapo, ila hawakujua desimali. Mimi niliishia darasa la nne, na mengine nilijifundisha kwa magazeti ambayo wafanyabiashara wa Tunduma walifungia chumvi. Nilikuwa naogopa urefu. Niliogopa zaidi kuonekana sijui. Mtaalamu aliniambia neno moja tu kabla hajaondoka: "Andika unachokiona. Usichokiona, usikibuni." Nililishika neno hilo kuliko nilivyoshika amri za kanisani. Nikishuka nikiwa na shaka kama ile namba ya mwisho ilikuwa tatu au nane, nilipanda tena, hata mvua ikinyesha. Hakuna aliyenituma.

Basi tangu jioni ile ya maharage, mama aliniuliza kila siku, maana kutoka kijijini msitu uliziba ng'ambo yote. (Nyumbani tulizungumza Kindali, Kiswahili hiki ninawawekea mimi midomoni.)

"Leo?"

"Limesimama. Upande wa migomba nyasi zimekuwa nyeusi kidogo."

"Zimeoza?"

"Weusi ndio nilioona, mama. Kuoza sijaona."

"Na mlango?"

"Mlango hauonekani. Uko upande wa pili."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nadhani alipenda jinsi nisivyoongeza chochote. Wengine walimwambia maneno ya kumfariji, naye hakuwaamini. Mimi aliniamini.

Na kwa sababu aliniamini, hakukandika ukuta.

Kwenye kiwanja kile nilisimamisha nguzo mimi mwenyewe, nikafunga fito, nikaezeka. Nilirudia kona moja mara nyingi kwa sababu haikuwa sawa. Kukandika udongo, kwetu, ni kazi ya wanawake. Majirani walikandika, wakasiriba, wengine wakapaka hata chokaa. Nyumba yetu ilibaki mifupa ya fito, na ndani tulitundika mikeka na magunia. Balozi wa nyumba kumi alikuja, akapitisha mkono wake kati ya fito, akauchezesha kwa upande wa ndani.

"Mama, hii ni nyumba au ni tenga la kuku?"

"Ni ya muda," mama alisema.

"Muda gani?"

"Kwangu paa bado limesimama. Muulize kijana wangu."

Akanigeukia. Nikasema ndiyo, limesimama. Lilikuwa limesimama kweli.

Niliwahi kumwambia mama kwamba nitakandika mimi, watu wacheke mpaka wachoke. Akaniangalia mpaka nikaona aibu. "Ukitia udongo kwenye ukuta huo," alisema, "utakuwa umenifukuza kwangu mara ya pili." Nikaacha. Ningeweza kutoacha. Jambo hili nimeligeuza kichwani kuliko jingine lolote.

Kulikuwa na bibi. Alikuwa mama mzazi wa baba, na ndiye aliyelala upande unaotazama bonde, ambako upepo uliingia kwanza. Aliniita mume wake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume, na hakuniacha nipumue.

"Mume wangu karudi! Umepanda mpaka kwa Mungu, umeniletea nini?"

"Namba, bibi."

"Namba zinapikwa na mboga gani?"

"Ni za upepo. Wanataka kujua una nguvu kiasi gani."

"Wangeniuliza mimi. Ninalala nao. Unaingia mtu akiwa hata hajajifunika."

Tulicheka, hata mama. Lakini siku moja mama alipokwenda chemchemini, bibi aliniita nikae karibu, na hakuniita mume.

"Mwanangu, mwambie mama yako nyumba imeanguka."

"Haijaanguka, bibi."

"Najua haijaanguka. Nimekwambia useme, sikukwambia uende ukaisukume."

"Siwezi kusema nisichokiona."

"Nani amekukataza?"

Mtaalamu yule alikuwa amezungumzia vikombe vya upepo. Sisi hatukujua hata kama anakumbuka tunaishi.

"Mume wangu wa kwanza yuko kule chini ya ardhi," bibi alisema, "na baba yako yuko kule. Ningependa kulala nao, ndiyo. Ila wao hawasikii baridi. Mimi bado nasikia. Mama yako hawezi kutia udongo hapa wakati paa lile lina nyasi. Wewe ndiye unayeliezeka kila jioni."

"Bibi, akienda akakuta nimemdanganya?"

"Atakuwa amekasirika ndani ya nyumba yenye kuta."

Akacheka, akakohoa, akanipiga goti kwa kiganja. "Basi. Kaa na macho yako mazuri."

Jioni ile mama aliuliza, nami nikasema limesimama. Bibi alikuwa anakunywa uji. Hakuinua uso.

Kipupwe kilikuja kikali. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia ndani pamoja nasi, na asubuhi magunia yalikuwa yamelowa. Niliongeza mikeka upande wa bibi, nikaisogeza na kuisogeza, nikiona mwanga pale nikiziba hapa. Mnarani vikombe vilizunguka mpaka nikalazimika kujifunga mkanda ndipo nisome. Siku zingine ukungu ulifunika ng'ambo yote. Nilipomwambia mama sikuona kitu, alikosa raha, na mimi nilipata raha, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na bado sikuwa nimesema limesimama. Niliomba ukungu ukae.

Bibi alishikwa na kichomi. Tulimpeleka zahanati ya Itumba kwa machela, wanaume wakipokezana, akapewa dawa, tukarudi naye. Alipofika mlangoni alitazama fito, akasema, "Nimerudi kwenye tenga langu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia vizuri. Baadaye yalikuwa manung'uniko tu. Alifariki kabla baridi haijapungua.

Watu walisema ni uzee. Alikuwa mzee kweli. Mganga wa zahanati alisema mapafu yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Nimeyaandika yote mawili kwa sababu niliyasikia. Hayajanisaidia.

Mama alitaka azikwe ng'ambo, kando ya mume wake na mwanawe. Balozi aliongea naye kwa upole ambao sikuutegemea. "Mama, kule hakuna mtu tena. Nani atampalilia?" Mama akamtazama, akatazama wanawake waliokuwa wameketi naye tangu usiku, akasema, "Mchimbieni hapa." Tukamzika mbele ya nyumba, chini ya mtelemko, mahali anapoonekana na mtu aliyesimama mlangoni.

Matanga yalipokwisha, mama alishuka kijitoni na jembe, akarudi na udongo. Wanawake walikuja bila kuitwa. Alianza na upande wa bibi. Alikandika kwa kiganja, akibonyeza kila tundu, na nilipomletea maji aliyamimina kwenye udongo.

Asubuhi ile nilikuwa nimepanda mnara. Hewa ilikuwa safi kuliko siku yoyote. Paa lilikuwa limesimama, lote, hata zile nyasi nyeusi. Nilisubiri aniulize, sijui ningejibu nini. Hakuniuliza. Alisema nisogee, nimemzibia mwanga.

Mnara uliteremshwa baadaye, vyuma vikapakiwa kwenye lori, na hatukuambiwa kama upepo wetu ulitosha. Pampu haikujengwa, wanawake bado wanapanda na ndoo. Mama ana nyumba yenye kuta na madirisha mawili, na hajavuka bonde. Mimi ninafundisha watu wazima kusoma, jioni, kwenye banda la ushirika. Bado narudia kazi yangu mara nyingi kuliko inavyohitaji. Ila mama akiniuliza jambo, siku hizi namuuliza kwanza anataka kulifanyia nini.