Kinyozi na Tangi Lake la Samaki

Kinyozi huyu alikuwa na mkono mwepesi, wateja walimpenda. Lakini ole wako uwe umekaa kwenye kiti chake halafu samaki mmoja aonekane mnyonge! Alikuacha kichwa nusu kimenyolewa, akaenda kuinama mbele ya lile tangi la kioo lililokaa dirishani, akapunguza majani ya majini kwa mkasi ule ule wa nywele. Ukinung'unika anakujibu, "Wewe hufi ukisubiri. Hawa wanakufa."

Mke hana, mtoto hana, ana tangi. Alilitengeneza mwenyewe: mchanga chini, majani marefu nyuma, mafupi mbele, na samaki wadogo wa mikia ya rangi wakipita katikati. Na tangi likawa kisingizio cha kila kitu. Binamu anaoa? Samaki. Mama mzazi anaumwa, safari ya kutwa nzima kwa basi? Samaki, jamani, samaki!

"Mwachie jirani ufunguo," dada yake mkubwa alimsihi kwenye simu. Dada ndiye aliyekuwa akimuuguza mama, akimgeuza kitandani na kumfulia. "Mama anakuulizia wewe tu."

"Jirani atawajazia chakula mpaka maji yaoze. Dada, huelewi. Nikiondoka nitarudi kuzoa mizoga."

Uongo mtupu. Aliogopa. Aliogopa harufu ya chumba cha mgonjwa, aliogopa kumkuta mama amebaki mifupa. Siku moja dada akamwekea mama simu sikioni, na mama, kwa sauti iliyokwisha, akauliza, "Mwanangu, samaki wako hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Haya. Watunze."

Hawakuongea tena. Alipokwenda, alikwenda kuzika. Alifunga duka mbio mbio, ufunguo akautia mfukoni, na huko homa ikamwangusha kwenye kitanda cha mama, miezi ikakatika. Dada akamuuguza naye, akimlisha kwa kijiko kile kile alichomlishia marehemu, hasemi neno. Siku ya kuagana ndipo alipofungua mdomo.

"Ukikuta wamekufa, nitajua kweli ulibanwa, nami nitakusamehe. Ukikuta wazima, usinipigie simu. Huna dada."

Njia nzima kinyozi aliomba wafe. Samaki aliowalea kwa mkono wake mwenyewe, aliomba awakute wameelea matumbo juu.

Akafungua mlango. Lo! Maji yamepungua kidogo, basi. Mwanga wa dirishani uliyatosha majani, yamejaa tangi zima, yamenawiri kuliko alivyopata kuyaona. Konokono wa tangini wameramba kioo kimetakata. Samaki wamekula ukoga na vijidudu, wamenenepa, wamezaana, na wote wakaja mbele ya kioo kumlaki. Hakuna aliyemhitaji. Aliyemhitaji walishamfukia.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akampigia dada.

"Wamekufa wote."

Sauti ya dada ikalegea, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Pole, mdogo wangu. Masikini, nimekuonea bure! Kesho nakuja, usikae peke yako na majonzi yote hayo."

Kesho! Kinyozi hakupoteza muda. Alichukua mpira wa maji, akayavuta kwa mdomo, akayaelekeza kwenye mtaro wa nje. Samaki walipoona mkono wake ndani ya tangi wakapanda juu, wakidhani wanaletewa chakula. Akawachota kwa bakuli la kunyolea, akawamwaga mtaroni, akasimama hapo mpaka wakaacha kupapatika.

Dada alipofika alimkumbatia pale pale mlangoni, wakalia pamoja, naye kinyozi akasikia raha ambayo hakuisikia miaka mingi. Amesamehewa! Ndipo dada akasogelea tangi kutazama. Akagusa mchanga. Akainua jani moja, bichi, likamchuruzikia maji mkononi. Chini yake, kwenye kidimbwi kisichojaa hata kijiko, kisamaki kidogo kama punje ya mchele kilikuwa kinajigeuzageuza.

"Huyu mzima," dada akasema.

Kinyozi akarudi nyuma mpaka akagota kwenye kiti cha wateja.

"Umewaua jana. Umewaua ili nikusamehe." Dada hakupaza sauti. "Mama amekata roho macho mlangoni. Mimi nikamwambia, mvumilie mwanao, amebanwa, samaki watakufa. Na mama akaniamini."

Akaomba glasi. Akapewa. Akakichota kisamaki pamoja na maji yake, polepole, akatundika mkoba begani, akatoka.

"Dada," kinyozi akaita. "Dada, ngoja!"

Dada alikuwa ameishika ile glasi kwa mikono miwili, macho yote kwenye maji yasimwagike, na hakugeuka.