Amana Aliyoirudisha Sagal

Kazi ya dada yangu mdogo Sagal ni kuunda chembe ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Chembe hizo hujishika kwenye saratani, na zikimulikwa kwa taa maalumu, hung'aa. Kwetu mtaani Waberi aliyejali kazi hiyo ni mama peke yake. Abti Abdimalik, kaka wa mama, aliiita taa ya mashetani.

Uvimbe ulipoota kwenye titi la mama, abti ndiye aliyeitwa kwanza. Alipasha chuma moto akamchoma kifuani, kama wazee wetu walivyowatibu watu na ngamia. Mama alivumilia mpaka uvimbe ukapasuka. Ndipo tukampeleka hospitali, titi likakatwa.

Abti alikuja na kitambaa cheupe ili akalizike, kama ilivyo desturi. Sagal akaomba kipande cha titi hilo, akakijaribie chembe zake.

“Huko Nairobi umekosa mbuzi wa kuchezea?”

“Mbuzi hukuwachoma wewe, abti.”

Mama akawanyamazisha. “Chukua, Sagal. Lakini ni amana. Siku yangu ikifika, nizikwe nacho.”

Kwenye maabara, chembe ziling'aa penye saratani, zikang'aa na penye vidonda vya moto. Hazikutofautisha. Abti aliposikia alicheka mpaka akakohoa. “Wallahi, hata taa yake imechanganyikiwa na dawa yangu!”

 Sagal alibadilisha ganda la chembe, akajaribu, akabadilisha tena, huku mama akizidi kuisha. Alhamisi moja akapiga simu: vidonda vimebaki giza, saratani pekee inawaka. Nilimshikia mama simu sikioni.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Mwingine atapona.”

Ijumaa iliyofuata hakuiona.

Sagal aliingia na kisanduku cha barafu jeneza likiwa tayari mlangoni. Wanawake wetu hawaendi makaburini, kwa hiyo alimnyooshea abti kisanduku hicho.

“Amana ya mama.”

“Katupie mbwa. Mimi sishiki uchafu wako.”

“Ulishika chuma, abti. Hiki ndicho kinakushinda?”

 Nilikichukua mimi.

Kaburini abti alisimama mbele yangu kunizuia. Nilimsukuma kwa bega, Mungu anisamehe, nikashuka. Nilikitoa kipande, nikakiweka kifuani kwa mama, upande uliochomwa, nikamwombea kwa Mola wake amrudishie ukamilifu wake.

Kabla sijapanda juu, abti alikwishaanza kumwaga udongo.