Leso yangu na jicho la mpiga video

"Dolari makumi munane juu ya kufunga jicho moja? Papa, weye uko mwizi!"

Mpiga video wa harusi alikuwa akimfokea mwenye duka karibu na gare ya treni. Harusi ilikuwa Jumamosi, na kwenye jua letu kioo cha kamera yake ndogo humwonyesha pua yake mwenyewe, si bibi harusi. Alikuwa anachagua kifaa cha kuchungulia: kikofia rahisi cha kukinga jua, au bomba lenye mpira wa kubandika jicho.

"Jaribu bomba kwanza, kisha utanitukana," mwenye duka akasema.

Akajaribu. Aliielekeza kamera kwa mama muuza samaki mbele ya duka, jicho moja ndani ya mpira, la pili kalifumba.

"Eh, weye! Unanikonyeza mbele ya bwana yangu?"

"Hapana, mama, iko kazi!"

"Kazi ya kukonyeza bibi za bantu bengine?" Samaki mkavu wa kutoka Kinkondja alikuwa tayari juu, kama fimbo.

Mimi, niliyekuwa nikingoja zamu yangu dukani, sina subira na kelele. Nilitoa leso yangu nyeupe, nikalifunga lile jicho lisilo na kazi. Mama akashusha samaki.

"Pole, papa. Iko inauma?"

Akampa na samaki wa bure. Jamaa akalipa bomba, akapanda pikipiki, leso usoni.

Kumbe kwetu jicho likifumbwa bila kidonda, lina nia. Harusi imepita, video nasikia ni safi, na mashangazi wote, wakiiona leso jichoni, walimpa pole kwa sahani za nyama. Nyama ni yako, bwana. Leso ni yangu. Irudishe, tena iwe imefuliwa.