Siku Sukari Iliposhuka

Kwetu Bujumbura sukari ni mgeni wa kubembelezwa. Hupotea madukani wiki nzima, na gunia moja likionekana mtaa wa Mutanga Nord, watu hukimbia hata na kitenge cha kulalia. Bingwa wa mbio hizo alikuwa mama yangu. Na ni yeye huyo, jamani, aliyekutwa na sukari nyingi damuni.

Alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, hakiponi. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia wazi: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Mama, mchezaji wa mstari wa mbele katika kwaya ya kanisa, alikosa mazoezi mara mbili. Mama yangu, kukosa mazoezi! Niliogopa sana.

Wizara ya afya huwa siisifu, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waliamua ugonjwa wa sukari utibiwe pia kwenye vituo vya afya vya mitaani. Zamani safari ya hospitali ilikula siku nzima, mama akawa anaruka miadi. Sasa kituo kilikuwa nyuma tu ya nyumba yetu, na nesi ni jirani, hakuna pa kujificha.

"Mama, jana nimekuona na Fanta," nesi alimwambia juu ya ua.

"Apana! Mi nilikuwa namushikia mwenzangu."

Miezi mitatu alimeza dawa, akaosha kidonda, akanywa chai kavu huku amekunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini.

Siku ya kipimo baraza la kituo lilijaa watu. Nesi alimwingiza mama ndani, akampima, kisha akatoa kichwa mlangoni kunitafuta, furaha imemzidi.

"Sukari imeshuka!"

Eeh! Benchi zima lilisimama. "Wapi?" "Duka gani?" Mjamzito mmoja alikuwa ameshafika getini. Mzee mmoja anaomba mfuko. Na mimi, mtoto wa mgonjwa, nakiri kwa aibu: nilikuwa nimeshafungua pochi.

Mama akatokea pekupeku, kidonda kimekauka.

"Mukae! Imeshuka kwangu tu. Kwa duka bado!"

Tulicheka mpaka mzee yule akasahau alikuja kutibiwa nini. Ndipo nesi akaniambia taratibu kwamba daktari wa hospitali, aliyekuja kituoni siku hiyo, ameshaona kidonda, kidole kinabaki.

Jumapili mama alirudi mstari wa mbele, akikanyaga sakafu kwa mguu ule ule, makusudi, akiniangalia. Nililia katikati ya wimbo, wala sikujifuta.